Mshale Kwenye Kigae

Mghoi alifika kwa Mwalimu Mwadime asubuhi, ukungu wa milima ya Taita ukiwa bado umeikumbatia migomba iliyo chini ya nyumba. Begani alikuwa na mkoba wa vipimo. Kama kawaida yake alipiga hodi huku tayari anavua viatu.

"Karibu, dada Mghoi," Wakesho aliitikia kutoka jikoni. "Baba yuko sebuleni. Mimi niko na vitunguu motoni, siwezi kuviacha."

Mwalimu Mwadime alikuwa ameketi karibu na dirisha, kikombe cha chai mkononi. Alikuwa amefundisha umeme katika chuo cha ufundi miaka mingi, na Mghoi mwenyewe alipita mikononi mwake, mpaka siku ile mlingoti wa mawasiliano ulipoanguka wanafunzi wakiusimamisha, ukamponda nyonga. Mfupa uliunga. Neva hazikuunga. Dawa zilimlaza mchana kutwa na akiamka maumivu yako palepale. Mwishowe madaktari walimwambia kile walichokuwa wakiwaambia wengi siku hizo: tafuta mtu wa damu yako akubebee.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Mghoi. Aliweka madaraja. Kigae kimoja, chembamba kama ukucha, kilikaa chini ya ngozi karibu na mtulinga wa mgonjwa, na cha pili kwa ndugu aliyekubali kumbebea. Vigae hivyo viliwasiliana hewani, na sehemu kubwa ya maumivu ya mgonjwa ikahamia kwa mbebaji mwenye mwili mzima, aliyeweza kuyahimili. Ndani ya kila kigae mlikuwa na dayodi, ndogo kuliko punje ya ufuta. Dayodi huruhusu umeme upite upande mmoja tu, na mshale uliochorwa juu ya kigae huonyesha upande huo; ukijaribu kurudi, unagonga ukuta. Bila hiyo, mgonjwa na mbebaji wangerushiana maumivu huku na huku mpaka wote wawili waanguke.

Wakesho, mtoto wa pekee wa Mwalimu, alikubali kubeba kabla hajamaliza kuelezwa. Baada ya wiki chache akajikuta ana mimba. Sheria ilimruhusu mbebaji mjamzito kuendelea akitaka, lakini ukifika mwezi wa nane daraja lilipaswa kufungwa mpaka ajifungue. Sasa mwezi wa nane ulikuwa umefika, na Mghoi alikuja kuzungumza nao juu ya hilo. Alijua Wakesho atabisha.

Alikaa kwenye kiti kilichotazama mlango wa jikoni. Alimwona Wakesho akigeuka, akainyanyua sufuria kutoka kwenye jiko kwa mikono mitupu, akatembea nayo taratibu mpaka mezani, akaitua.

Wakati huohuo kikombe cha Mwalimu kilianguka sakafuni.

Mzee hakupiga kelele. Alikuwa amekunja vidole vyote vya mikono miwili, amefumba macho, midomo imebanwa.

"Baba, nini hicho?" Wakesho aliuliza.

"Kikombe. Kimeniteleza."

Mghoi aliinuka akaenda jikoni. Akamshika Wakesho viganja, akavigeuza juu. Ngozi ya ncha za vidole ilikuwa imepauka na malengelenge yameanza kuinuka.

"Umeungua," alisema.

Wakesho alivitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine. "Kumbe. Wala sijasikia. Mimba hii imenipa ngozi ya mamba, dada. Juzi nimejikata na kisu, nikajua nilipoona damu kwenye sukuma wiki." Akacheka. "Mzigo wa Baba huenda umeninyima nafasi ya kusikia mengine."

"Unausikiaje mzigo wenyewe?"

"Uchovu. Miguu mizito jioni. Lakini si uliniambia utakuja hivyo, kama uzito?"

Mghoi alikuwa amemwambia hivyo kweli. Alivitia vidole vya Wakesho kwenye bakuli la maji baridi na kutoka sebuleni akasikia Mwalimu akishusha pumzi ndefu.

*

Wakesho alipovuka ua kwenda kwa jirani kuchukua mayai, Mghoi alirudi sebuleni akafunga mlango.

"Nionyeshe mikono yako, Mwalimu."

Akaionyesha. Haikuwa na alama yoyote.

"Bado inauma?"

"Imepoa. Ulimwekea maji?"

Mghoi akaketi. "Umejua tangu lini?"

"Tangu jioni uliyotuwekea. Alijikwaa kizingitini pale, na kidole kilichouma kikawa changu."

"Lakini niliviweka sawa. Niliangalia mara mbili. Mshale ulitoka kwako ukaelekea kwake."

"Mshale uliuangalia sawa," Mwalimu alisema. "Lakini ulijiuliza ni mshale wa kitu gani?"

Alinyoosha mkono mezani akachukua tochi, akaifungua, akatoa betri. Alifanya hivyo bila haraka, kama aliyekuwa na darasa zima mbele yake na kipindi hakijaenda mbali.

"Umeme unatoka wapi kwenda wapi?"

"Kutoka chanya kwenda hasi," Mghoi alijibu, na hapohapo uso wake ukabadilika.

"Endelea."

"Hivyo ndivyo tunavyochora. Elektroni zenyewe zinatoka hasi kwenda chanya."

"Watu wa kale walipoanza kuuchunguza umeme walijua kuna kitu kinatembea, ila hawakujua ni nini. Wakakisia. Wakasema kinatokea upande huu, tuuite chanya. Walikuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kupatia, wakakosea. Elektroni zilipokuja kujulikana, vitabu vilikuwa vimeshaandikwa dunia nzima, michoro imeshachorwa, na hakuna aliyeona haja ya kubadilisha. Kwenye hesabu haidhuru kitu. Ukisema chanya inakwenda kule au hasi inakuja huku, taa inawaka vilevile. Ndiyo maana alama ya dayodi ina mshale unaoonyesha njia ya mkondo wa vitabuni. Elektroni zinapita zikiupa mshale mgongo."

"Na maumivu yanakwenda na elektroni," Mghoi alisema taratibu. "Neva ndiyo inayozisukuma."

"Sasa unaona."

"Lakini vigae vya zamani, kabla ya hivi vyenu vipya, niliviweka kwa kufuata mshale. Hakuna hata kimoja kilichokosea."

"Nilivifikiria hivyo pia. Nadhani aliyevitengeneza aliwahurumia mafundi, akachora mshale wa elektroni, ili uonyeshe maumivu yanakokwenda. Hivi vipya vimetengenezwa na mtu mwingine, naye amechora kama vitabu vinavyotaka. Wote wawili wako sahihi, Mghoi. Hapo ndipo ulipoponzeka."

Baba na binti ndio waliokuwa wa kwanza kupata vigae vipya. Sanduku lililobaki lilikuwa kwenye karakana ya Mghoi, halijaguswa. Alishukuru kimoyomoyo, halafu akaona aibu kwa kushukuru.

"Kwa hiyo miezi yote hii umebeba ya kwako, na ya kwake juu."

"Ya kwake ni madogo. Mgongo. Kiungulia, hicho nakiri kinanisumbua. Miguu ikimvimba nainyoosha yangu."

"Na unatembea wima."

"Akiniona natembea wima anafurahi. Anasema, Baba, umeona? Tumeweza." Mzee alirudisha betri kwenye tochi. "Kabla ya hapa tulikuwa hatuzungumzi sana, unajua. Tangu mama yake atutoke. Alikuwa akija anapika, anafagia, anaondoka. Sasa anakaa. Anadhani ananifanyia jambo kubwa, na hilo limemfungua moyo. Nimwambie nini?"

"Ukweli."

"Nitamwambia akishajifungua."

Mghoi alimtazama na kuelewa alichokuwa akisubiri. "Mwalimu, hapana. Unataka uchungu wa kuzaa uje kwako."

"Siku alipozaliwa yeye nilikuwa Mombasa nasahihisha mitihani. Mama yake aliteseka mchana kutwa hana mtu. Nikarudi na mkate na nguo za mtoto. Hakuwahi kunilaumu hata siku moja, na mimi sikuwahi kuuliza ilikuwaje." Alitazama nje kupitia dirishani. "Niachie hili. Nyonga yangu imenizoeza vya kutosha."

"Na moyo wako?"

"Una dawa zake."

"Na yeye? Maumivu si adui peke yake, Mwalimu. Yanamwambia mtu kitu. Leo ni vidole. Tumbo likiharibika atajuaje?"

"Nitajua mimi."

"Ukiwa umelala je? Ukiwa umezimia?"

Nje Wakesho alikuwa anarudi, akimshukuru jirani kwa sauti juu ya ua.

"Sikuahidi kunyamaza," Mghoi alisema akinyanyuka. "Nipe leo nifikirie."

*

Karakanani alifungua sanduku la vigae vipya, akashika kimoja kwa kibano na kukifunga kwenye betri. Alipoelekeza mshale kutoka chanya kwenda hasi, taa ya kipimo iliwaka. Alipokigeuza, ilizima. Mwalimu alikuwa amesema kweli, na kwa kweli hakuhitaji kipimo kumhakikishia. Akaandika kwa kalamu nyekundu juu ya sanduku kwamba visitumike, akaliweka juu kabisa ya kabati. Kisha akaketi na mikono mapajani.

Ilikuwapo njia rahisi. Sheria yenyewe ilimtaka alifunge daraja mwezi huo. Angeweza kurudi kesho, akalifunga, akasema ni utaratibu tu. Wakesho angeanza kusikia mgongo wake mwenyewe na angedhani mimba imezidi. Baada ya kujifungua Mghoi angevigeuza vigae kimyakimya wakati wa kuvikagua. Mzee hangesema. Binti hangejua. Na leseni yake ingebaki ukutani.

Aliigeuzageuza njia hiyo akilini kwa muda mrefu kuliko alivyopenda. Akamfikiria Mwalimu aliyeomba kitu kimoja tu. Je, mtu mzima hana haki ya kuamua ateseke kwa ajili ya nani? Mbebaji yeyote aliyewahi kumhudumia alikuwa ameamua hivyohivyo, na Mghoi aliwasifu kwa hilo. Lakini mbebaji aliketi mbele yake, akaulizwa, na yule anayebebewa akaulizwa pia. Wakesho hakuulizwa na mtu. Mwili wake ulikuwa ukimwita na barua zake zinapelekwa nyumba nyingine.

Hata akimwambia, anaweza kuvunja kile kitu kidogo kilichoota kati ya hao wawili. Hilo pia alilifikiria. Kila alipogeukia aliona mtu anaamuliwa jambo lake bila kujua, isipokuwa njia moja, nayo ndiyo iliyomwogopesha zaidi. Jioni ilipoingia alikuwa ameshakata shauri: asubuhi atakwenda amwambie Wakesho mwenyewe, kwa mdomo wake, baba yake akisikia.

*

Aliwakuta uani. Wakesho alikuwa kwenye kigoda anamenya ndizi, akiimba chinichini. Mwalimu alikuwa kwenye kiti, amekiegemea kwa namna ambayo Mghoi hakuipenda. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu na jasho limemtoka juu ya mdomo, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi.

Mghoi aliinama karibu naye. "Ni moyo?"

"Siyo moyo," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Ni tumbo. Mwanzoni nilidhani ndio uchungu wenyewe umeanza. Lakini watu husema uchungu huja na kuondoka. Huu hauondoki. Umekaa tu, na unakaza." Akameza mate. "Sikutaka iwe hivi."

"Mwambie, au nitamwambia mimi."

Mwalimu alimwita binti yake. Wakesho aliacha kisu, akaja huku anapangusa mikono kwenye leso.

"Mwanangu, tumbo lako lina shida. Inabidi twende hospitali sasa."

"Tumbo langu?" Alijipapasa. "Mimi sina neno, Baba. Wewe ndiye unayeonekana mgonjwa."

"Ninachosikia si changu. Ni chako."

Alimweleza kwa maneno machache, bila dayodi, bila chanya wala hasi: daraja lilikuwa limegeuka tangu siku ya kwanza, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa anapokea. Wakesho alimsikiliza akiwa amesimama. Alimgeukia Mghoi, Mghoi akaitikia kwa kichwa, ndipo Wakesho akaweka kiganja juu ya tumbo lake tena, safari hii akabonyeza.

"Ni gumu," alisema. "Ni gumu kama ubao."

Gari la wagonjwa ambalo Mghoi aliliita lilipanda kilima lenyewe bila dereva, likageuka uani, likafungua milango. Ndani, Mghoi alitoa kifaa chake cha kufungia madaraja. Mapigo ya moyo ya mzee yalikuwa yanakimbia vibaya kwenye kipimo.

"Nalifunga, Mwalimu. Moyo wako hauendi hivi kwa muda mrefu."

"Ukilifunga yatamrudia yote kwa mkupuo. Na mimi nitakuwa sijui tena kinachoendelea."

"Yeye atajua."

"Hajawahi kuyasikia. Hatajua yamebadilika vipi. Mimi nimeanza nayo tangu alfajiri." Alimtazama binti yake aliyelala kwenye kitanda cha gari. "Sasa muulize yeye. Safari hii aulizwe."

Mghoi akamuuliza. Wakesho alishika tumbo kwa mikono miwili gari likipita kona mbili za mteremko.

"Usilifunge mpaka daktari aseme," alisema hatimaye. Hakumtazama baba yake.

Hospitalini mkunga aliyewapokea alikuwa mama wa makamo aliyeitwa sista Malemba. Alisikiliza maelezo ya Mghoi mara moja tu, kisha akaamuru kiti cha magurudumu cha Mwalimu kisogezwe mpaka ubavuni mwa kitanda. Akaweka vidole juu ya tumbo la Wakesho, upande wa kushoto, akabonyeza taratibu. Wakesho alikuwa anatazama dari, ametulia.

"Hapa, mzee?"

"Hapo kidogo tu."

"Na hapa?"

"Zaidi."

"Na hapa, juu?"

Mwalimu alishika mkono wa kiti. Ilimchukua muda kupata pumzi. "Hapo ndipo penyewe."

"Nikiachia?"

"Hayapungui. Yanasambaa mgongoni. Dakika hizi chache yamekuwa kama kitu kinachokwanyuka."

Sista Malemba aliacha kubonyeza. Wakati huo Wakesho alikuwa amegeuza kichwa na kumtazama baba yake usoni, na aliendelea kumtazama alivyokuwa akikunjamana kwa mkono wa mkunga ulioshika tumbo la binti yake.

"Kondo la nyuma linabanduka," mkunga alimwambia daktari aliyekuwa anaingia. "Damu inajikusanya ndani, ndiyo maana hatuioni. Tusingoje."

Walimpeleka chumba cha upasuaji. Walipomchoma sindano ya ganzi mgongoni, Mwalimu aliyebaki ukumbini na Mghoi alinyanyua kichwa ghafla.

"Kumenyamaza," alisema. Mghoi akalifunga daraja, kama daktari alivyoagiza, wakangoja pamoja.

Mtoto alikuwa wa kike, mdogo, na alilia mwenyewe.

*

Siku ya pili Mghoi alimkuta Wakesho ameketi kitandani, mtoto kwenye kikapu cha joto pembeni. Ganzi ilikuwa imeisha zamani. Alikuwa akijisogeza kwa tahadhari, ameuma mdomo, na alipopata mkao alifunga macho kidogo.

"Kumbe ndivyo kulivyo," alisema. "Nilikuwa nimesahau."

"Pole."

"Wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu juzi. Tangu ulipoungua vidole."

"Kwa hiyo siku nzima."

"Siku nzima. Nilikuja asubuhi ile kukwambia. Lakini nilikuwa nimejua siku nzima, na makosa ya kwanza yalikuwa yangu. Nimeshawaarifu wanaosimamia kazi yetu. Watakuja kukuuliza maswali, nawe uwajibu unavyoona."

Wakesho aliitikia tu. Baadaye kidogo akasema, "Siwezi kukukasirikia wewe vizuri. Nakukasirikia nusu. Nusu nyingine ni ya Baba, na yeye nashindwa nianzie wapi. Miezi yote nikitoka kule kwake najisikia mtu. Nasema, leo nimembebea Baba akaenda mpaka dukani. Namwambia mume wangu Righa kwa simu, Baba ametembea. Kumbe alikuwa anatembea nayo yote, na mgongo wangu juu yake."

"Hakutaka kukudanganya. Alitaka—"

"Najua alichotaka. Hakuniuliza."

Mwalimu alikuwa mlangoni, kwenye kiti cha magurudumu. Hawakujua amefika lini. Hakuingia mpaka Wakesho aliposema, "Ingia, Baba. Mjukuu wako hajakukosea."

Aliingia. Akamtazama mtoto kwa muda mrefu. Akanyoosha kidole, mtoto akakishika.

"Anaitwa Mkawasi," Wakesho alisema.

Lilikuwa jina la marehemu mama yake Wakesho. Mwalimu aliinamisha kichwa na mabega yake yakatikisika kidogo. Alipotulia alisema, "Sikukuuliza kwa sababu ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

"Basi hilo ndilo kosa langu. Nililijua nikilifanya."

Hawakuyamaliza siku ile. Mwalimu alirudi nyumbani na nyonga yake, Wakesho na kidonda chake, na kwa miezi kadhaa vigae vilikaa chini ya ngozi zao bila kazi.

*

Mkawasi alikuwa ameanza kukaa mwenyewe bila mto Wakesho alipomwita Mghoi. Wakati huo wasimamizi walikuwa wamempa Mghoi onyo na kumrudisha kazini, na mafundi wote walikuwa wameagizwa kupima kila kigae kwa betri kabla ya kukiweka, mshale useme unavyosema.

Aliwakuta sebuleni, redio ikiimba. Righa alikuwa amepata likizo kutoka bandarini Lamu, anamrusharusha mtoto magotini. Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake, amekonda. Hakuwa tena na mtu wa kumfichia, na sasa alichechemea waziwazi kila alipokwenda chooni.

"Nataka uvigeuze," Wakesho alimwambia Mghoi. "Viwe kama vilivyokusudiwa."

"Hapana," Mwalimu alisema.

"Daktari amenipima, Baba. Nimepona. Sina mimba."

"Nimesema hapana."

"Wewe ulinibebea bila kuniuliza. Mimi nakuuliza."

"Na nikikataa?"

"Utakuwa umekataa. Nitakuja kesho kukupikia kama kawaida."

Mzee alitazama sakafu. Mghoi alikuwa amesimama na mkoba wake, hakuuweka chini. Righa aliacha kumrusha mtoto.

"Si kiungulia, mwanangu," Mwalimu alisema.

"Najua si kiungulia."

"Hujui."

"Basi niache nijue. Umeishi na mwili wangu miezi minane. Mimi wako sijawahi kuusikia hata dakika moja."

Mwalimu alimtazama Mghoi kana kwamba angemsaidia, na Mghoi akamtazama vilevile, akingoja. Mwishowe mzee alifungua kifungo cha juu cha shati.

"Mchana mmoja," alisema. "Ukiona huwezi, unasema. Usinifanyie nilivyokufanyia."

"Nitasema."

Kazi yenyewe ilikuwa fupi. Mghoi aliwapaka dawa ya ganzi, akafungua ngozi kidogo, akatoa kigae cha kwanza, akakipima kwa betri, akakipima tena, akakigeuza, akakirudisha. Akafanya hivyohivyo kwa cha pili. Alipomaliza kuwafunga bandeji alichukua kifaa chake na kuwatazama wote wawili. Wakesho akaitikia. Mwalimu akachelewa, kisha naye akaitikia.

Wakesho alishika ukingo wa meza. Uso wake ulipauka. Alivuta pumzi, akaizuia, akaiachia kidogokidogo, na mguu wake mzima wa kulia ukajikunja wenyewe pale alipoketi. Righa alitaka kuinuka, yeye akamwashiria akae.

"Baba," alisema alipopata sauti. "Na hii ndiyo uliyokuwa unatembea nayo mpaka dukani?"

Mzee alikuwa amekaa kama mtu anayesikiliza kitu mbali. Mabega yake, ambayo Mghoi aliyazoea yakiwa juu karibu na masikio, yalikuwa yanashuka. Aliunyoosha mguu wake kwa tahadhari, kidogo, kisha zaidi, mpaka kisigino kikagusa sakafu mbele yake. Akautazama. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta.

"Inatosha? Nimwambie alifunge?" aliuliza.

"Bado. Naweza."

"Una hakika?"

"Inauma sana, Baba. Na naweza."

Mzee akaegemeza kichwa kwenye mgongo wa kiti. Alisema anapumzisha macho tu, wasimjali, waendelee na mazungumzo. Hawakuwa wamesema hata neno moja zaidi na alikuwa ameshalala, mdomo wazi, jua la mchana likimwangukia mapajani.

Wakesho alingoja kidogo, kisha akainuka kwenda kumpikia mtoto uji. Righa akamshika kiwiko. Yeye akauondoa mkono huo polepole, akasema anataka kuzoea. Alitembea akiuburuta mguu wa kulia, kiganja ukutani, akisimama kila baada ya hatua chache. Alipofika kwenye redio aliipunguza sauti, akamtupia baba yake jicho, akaendelea kuelekea jikoni.